Mafunzo ya usaidizi wa kitabibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila wanapoingia wanafunzi wapya, na kila mzazi anapopiga simu kuuliza kama hii ni kazi ya kumpeleka mwanawe. Nimeifanya kazi yenyewe, na sasa nawasimamia wanaojifunza. Pale ambapo jibu ni maoni yangu, nimesema.

Msaidizi wa kitabibu anafanya kazi gani hasa?

Kazi yake ina pande mbili. Upande wa kwanza ni chumbani na mgonjwa: kumpokea, kumpima presha, joto, mapigo ya moyo, upumuaji, uzito na urefu, kumuuliza dawa anazotumia na kama zipo zinazomdhuru, kuandaa chumba na vifaa, na kumsaidia daktari wakati wa uchunguzi au upasuaji mdogo. Sheria za mahali zikiruhusu, hutoa damu, huchoma sindano, husafisha vidonda na kupima moyo kwa mashine ya umeme.

Upande wa pili ni wa mezani: miadi, mafaili, barua za rufaa, fomu za bima, kufuatilia majibu ya maabara. Wanafunzi wengi huuona upande huu kama adhabu. Mimi huupa uzito uleule. Jibu la kipimo lililosahaulika kwenye droo laweza kumdhuru mgonjwa kuliko sindano iliyochomwa vibaya, kwa kuwa sindano mgonjwa mwenyewe ataisikia na kulalamika, lakini jibu lililopotea hakuna atakayelilalamikia hadi ugonjwa uwe umekomaa.

Ana tofauti gani na muuguzi au tabibu?

Tabibu na daktari ndio wanaoamua mgonjwa anaumwa nini na atumie dawa gani. Muuguzi ana leseni yake, hutathmini hali ya mgonjwa na kupanga uangalizi wake. Msaidizi wa kitabibu hutekeleza alichoagizwa, chini ya usimamizi. Zipo kada nyingine zenye majina yanayokaribiana na hili, kama tabibu msaidizi, ambaye hutibu wagonjwa. Kabla ya kujaza fomu, soma mtaala wenyewe ujue unasomea kada ipi.

Mafunzo huchukua muda gani?

Inategemea nchi. Marekani, ambako kada hii imeenea sana, kozi ya cheti huchukua kati ya miezi tisa na mwaka mmoja, na ya stashahada miaka miwili. Ujerumani mafunzo ya kazi inayofanana na hii ni miaka mitatu: mwanafunzi anagawa wiki yake kati ya kliniki na darasa, na analipwa posho tangu mwanzo. Kuna pia kozi za wiki chache zinazojinadi kwa wepesi wake. Hizo huweza kukufundisha kazi moja, kwa mfano kutoa damu, lakini hazimtoi msaidizi kamili.

Nitajuaje kama chuo ni kizuri?

Anza na ithibati. Uliza chombo kinachosimamia kada hii mahali unapotaka kufanya kazi, kisha uliza kama cheti cha chuo hicho kinakuruhusu kufanya mtihani na kusajiliwa. Uliza chombo chenyewe, usitosheke na maneno ya ofisi ya udahili.

Halafu nenda ukakitembelee, na swali la kwanza liwe hili: mwanafunzi anatoa damu mara ngapi kwenye mkono wa plastiki, kisha mara ngapi kwa mtu akiwa na mkufunzi pembeni, kabla ya kuachiwa? Chuo kinachofundisha kitakujibu papo hapo kwa hesabu. Chuo kinachouza vyeti kitakuonyesha picha za mahafali. Uliza pia nani anatafuta kituo cha mafunzo kwa vitendo, chuo au mwanafunzi. Vyuo vingine hukuachia utafute mwenyewe, na nimewaona vijana waliomaliza darasani wakakaa miezi bila cheti kwa sababu hakuna kliniki iliyowapokea.

Omba kuingia kwenye chumba cha mazoezi. Angalia kama mashine za presha zina mikanda ya saizi tofauti au mmoja tu. Jambo dogo, lakini linasema mengi kuhusu anayefundisha humo.

Naweza kusoma yote kwa intaneti?

Nadharia, ndiyo: anatomia, istilahi, sheria, taratibu za ofisi. Vitendo, hapana. Mshipa wa damu hautafutwi kwa video. Programu zenye ithibati Marekani humtaka mwanafunzi afanye angalau saa 160 kwenye kituo cha afya kabla ya kuhitimu, hata kama darasa lote lilikuwa mtandaoni.

Sikuwa mzuri kwenye sayansi wala hesabu. Nitaweza?

Biolojia inayohitajika inasomeka kwa mtu yeyote mwenye bidii. Hesabu ni ya msingi, ila haina nafasi ya kukosea. Daktari ameandika miligramu 250. Chupa inasema kila mililita 5 zina miligramu 125. Utampa mililita 10. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza, lakini wewe utaifanya huku simu inalia, mtoto analia, na mtu mwingine anakuuliza choo kiko wapi.

Kuna kanuni moja ya uandishi ningependa uishike kabla hujaingia darasani. Nusu miligramu andika 0.5, usiandike .5, kwa maana nukta ikififia msomaji ataona 5. Na miligramu moja andika 1, usiandike 1.0, kwa maana nukta ikififia ataona 10. Dozi imezidi mara kumi kwa sababu ya alama moja ya kalamu.

Kupima presha kuna nini cha kusomea? Si mashine inafanya yenyewe?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndipo msaidizi mzuri anapojitenga na anayebonyeza kitufe.

Mashine inapima kilichopo wakati huo. Kama mgonjwa ametoka kupanda ngazi, amebanwa na mkojo, amekunja mguu juu ya mguu na anakusimulia foleni aliyopita, mashine itapima hayo yote pamoja na presha yake. Utaratibu ni huu: mgonjwa akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, miguu haijakunjwa, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, mkanda umefungwa juu ya ngozi na si juu ya shati, wala hakuna mazungumzo. Nusu saa kabla ya hapo asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa.

Kisha mkanda wenyewe. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa kuzunguka karibu asilimia 80 ya mkono. Ukimfunga mtu mnene mkanda mdogo, namba itapanda kuliko ilivyo, na daktari anaweza kumwanzishia dawa za maisha mtu asiyezihitaji. Ukimfunga mtu mwembamba mkanda mkubwa, namba itashuka, na mwenye presha ataambiwa yuko salama. Daktari hatajua. Anaiona namba uliyoandika, hauoni mkanda uliotumia.

Utafundishwa pia kupima kwa masikio, kwa stethoskopu, ukisikiliza sauti ambazo daktari Mrusi Nikolai Korotkoff alizieleza mwaka 1905. Unapunguza hewa taratibu, kama milimita 2 za zebaki kwa sekunde. Sauti ya kwanza ndiyo namba ya juu, zinapotoweka ndiyo namba ya chini. Mwanzoni hutasikia kitu. Utasikia nguo zikisuguana na moyo wako mwenyewe. Endelea tu, sikio linazoea. Na siku ukikosa kusikia, sema hukusikia, upime tena baada ya dakika moja au mbili. Kubuni namba ya presha ni kosa ambalo mimi kama msimamizi silivumilii hata mara moja.

Hesabu ya pumzi nayo ina ufundi wake. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, anabadilisha anavyopumua bila kukusudia. Kwa hiyo maliza kuhesabu mapigo, halafu acha vidole palepale kwenye kifundo cha mkono kana kwamba unaendelea, huku macho yakifuata kifua. Kwa mtu mzima aliyetulia tunategemea mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 20.

Je, kutoa damu? Hapo ndipo ninapoogopa.

Ni haki yako kuogopa, na wanaokuja bila woga wowote hunitia wasiwasi zaidi. Ila sehemu ngumu si ile unayoifikiria. Kuingiza sindano mkono unazoea. Makosa mazito hutokea kabla na baada.

Kabla: hakikisha ni mtu sahihi. Usimuulize, "Wewe ndiye Bi Mwanaisha?" Mgonjwa aliyechoka, asiyesikia vizuri, au mwenye adabu ya kutotaka kukusumbua, ataitikia kwa jina lolote. Sema, "Mama, naomba unitajie majina yako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa," kisha linganisha na fomu. Aseme yeye, wewe usikilize.

Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja, la sivyo damu inatuama na majibu ya maabara yanabadilika. Sindano inaingia kwa mlalo wa nyuzi 15 hadi 30, tundu lake likitazama juu. Tyubu zina mpangilio usiobadilishwa: za kuotesha vijidudu kwanza, kisha ya kifuniko cha bluu, nyekundu au ya dhahabu, kijani, zambarau, na kijivu mwisho. Sababu ni kemikali zilizomo ndani. Tyubu ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu kuganda yenye potasiamu. Tone lake likihamia kwenye tyubu inayofuata ya kupimia potasiamu, maabara itatoa jibu la kutisha kwa mtu asiyeumwa kabisa, na huenda akakimbizwa hospitali usiku kwa kosa la mpangilio.

Baada: andika jina kwenye tyubu ukiwa bado umesimama mbele ya mgonjwa. Usiandike kabla ya kutoa damu, wala usibebe tyubu zisizo na majina ukaandike mezani. Tyubu mbili zisizo na jina juu ya meza moja zimekwisha kuwa takataka, na wagonjwa wawili watachomwa upya.

Ukikosa mshipa mara mbili, mwite mwenzako. Hakuna aibu hapo.

Nikiona damu nasikia kizunguzungu. Niache?

Usiache bado. Wengi huzoea ndani ya wiki chache. Kula kabla ya zamu, usikaze magoti unaposimama, na ukihisi jasho la baridi kaa chini haraka. Kama baada ya miezi bado unaanguka, upande wa mezani una nafasi za heshima kabisa.

Itakuwaje sindano iliyotumika ikinichoma?

Osha kwa maji na sabuni papo hapo, bila kuminya. Toa taarifa dakika hiyohiyo, hata kama ni mwisho wa zamu na basi linakusubiri. Dawa za kinga dhidi ya VVU hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa chache, na mwisho wake ni saa 72. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa mchomo mmoja wa sindano yenye virusi ni karibu 3 kati ya 1,000. Virusi vya homa ya ini B ni vikali zaidi: kwa asiyechanjwa vinaweza kufika 30 kati ya 100. Ndiyo maana chuo makini hakikupeleki kliniki bila chanjo hiyo, ambayo kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Ikiwa unakaribia kuanza kozi, anza chanjo sasa.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Kisanduku cha vitu vyenye ncha kali kiwe karibu na mkono wako kabla hujaanza, na kifungwe kikifika robo tatu. Ajali nyingi hutokea mtu anapoisukuma sindano kwenye kisanduku kilichofurika.

Kwa nini wakufunzi wanatusumbua sana na kunawa mikono?

Kwa sababu ndilo jambo moja utakalolifanya mara nyingi kuliko mengine yote katika kazi hii. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana katika wodi yake. Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Wa tano ndio unaosahaulika. Umeshika kitanda tu, hukumshika mtu, unatoka. Nawa. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa.

Daktari akiniagiza kitu ambacho sikufundishwa, nikatae?

Ndiyo, kwa heshima. "Daktari, hili sijafundishwa, naomba unielekeze au tumwite muuguzi." Sentensi hiyo ijaribu kwa sauti nyumbani hadi ikutoke bila kigugumizi, kwa sababu siku utakapoihitaji utakuwa mdogo kuliko wote chumbani na kila mtu atakuwa na haraka. Hata agizo likitoka kwa mkubwa, mkono uliofanya ni wako.

Mipaka inatofautiana kati ya nchi na nchi, na Marekani hata kati ya jimbo na jimbo, hivyo soma ya mahali unapofanyia kazi. Lakini popote pale, mtego mkubwa zaidi si sindano. Ni maneno. Mgonjwa anapiga simu: "Mwanangu, tangu asubuhi kifua kinanibana, nadhani ni gesi." Wewe umemzoea, unajua ana vidonda vya tumbo, na ulimi unataka kumwambia anywe maji apumzike. Ukisema hivyo, umeamua ugonjwa. Kazi yako hapo ni kufuata mwongozo ulioandikwa wa kituo, kumuuliza yaliyomo kwenye mwongozo, na kumfikisha kwa muuguzi au daktari mara moja, au kumwelekeza apige namba ya dharura.

Ni hivyohivyo kwa majibu. Mgonjwa anakuona umeshika karatasi, anakusoma uso, anauliza, "Ni mabaya?" Mwambie daktari atamweleza, na muda gani. Usimdanganye kwamba ni mazuri.

Usiri unafika wapi?

Unafika nyumbani kwako. Jirani yako akija kliniki, hukumwona. Akikusalimia mtaani na kuanza kukueleza majibu yake, msikilize, lakini usilianzishe wewe. Usifungue faili la mtu usiyemhudumia, hata awe mama yako mzazi. Mifumo ya kompyuta huandika nani alifungua nini na saa ngapi, na wapo waliopoteza kazi kwa udadisi tu. Picha za kazini zisiingie kwenye simu yako kabisa.

Mafunzo kwa vitendo yakoje, na nifanye nini nisionekane mzigo?

Siku za kwanza utatazama tu. Tumia muda huo kujua vitu vinakaa wapi, kwa sababu mwanafunzi anayejua bandeji ziko droo gani tayari ni msaada. Uwe na kijitabu kidogo mfukoni, andika utaratibu, kamwe usiandike majina ya wagonjwa. Fika mapema. Ukikosea, sema papo hapo: kosa lililosemwa saa hiyohiyo kwa kawaida linarekebishika. Vituo vingi huajiri wanafunzi waliowaona wakifanya kazi, na kinachoangaliwa ni uaminifu kuliko wepesi wa mikono.

Kuna mtihani wa mwisho?

Katika nchi nyingi, ndiyo. Marekani mmoja wa mitihani inayojulikana unasimamiwa na chama cha wasaidizi wa kitabibu, AAMA, kilichoanzishwa mwaka 1956. Una maswali 200 ya kuchagua jibu, yanayogusa kliniki, ofisi na maarifa ya jumla. Wanafunzi hujiandaa sana kwa upande wa kliniki, kisha huangushwa na sheria na bima. Gawa muda wako sawasawa.

Nina miaka zaidi ya arobaini. Nimechelewa?

Hujachelewa. Wagonjwa wengi huwafungukia watu wazima haraka. Kitakachokuchosha ni miguu, maana utasimama kutwa nzima. Nunua viatu vizuri.

Nikishamaliza, ninaweza kupanda zaidi?

Unaweza. Wengine huwa wasimamizi wa kliniki, wengine hujikita kwenye macho, moyo au uzazi, wengine huenda kusomea uuguzi wakiwa tayari wanajua mgonjwa anakaaje mbele yako. Lakini usidhani kozi hii ni nusu ya uuguzi. Vyuo vingi vya uuguzi havihesabu masomo yake, au huhesabu machache tu, kwa hiyo kama uuguzi ndio shabaha yako na una sifa za kujiunga, nenda moja kwa moja.

Na cheti chenyewe kina ukomo. Cha AAMA hudumu miezi 60, kisha unakihuisha kwa kufanya mtihani tena au kwa kukusanya alama za masomo ya ziada. Alama hizo zikusanye kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza, na vyeti vya kila semina vitunze mahali pamoja.